Fungueni Kwanza Sura ya Upimaji

Msinione siku hizi nashinda shambani Katindiuka na jembe mkadhani nimeisahau kazi. Nimekaa miaka mingi na watoto wa darasa la awali, halafu miaka mingi zaidi na watu wanaotaka kuwafundisha, nikiwa mkufunzi katika chuo kimoja kidogo hapa Ifakara. Mpaka leo vijana wakinikuta njiani swali lao ni lile lile: "Mwalimu Akwilina, shikamoo. Nianze na kitabu gani?" Nawaitikia marahaba, kisha nawauliza wana haraka kiasi gani. Wenye haraka nawaambia waende zao salama. Kitabu cha kwanza cha ualimu wa awali hakichaguliwi umesimama dukani huku bodaboda inakusubiri nje.

Wengi wenu mnadhani kitabu cha utangulizi ni kitabu chepesi, yaani ukikosea kukichagua si neno, utasahihishwa mbele. Hapana jamani! Kitabu cha mwaka wa mwisho kikikosea, msomaji wake ameshakomaa, atakibishia. Cha kwanza kikikosea, mwanachuo hana cha kulinganisha nacho. Anakiamini chote, na kesho anakipeleka kwa watoto wa watu. Nayasema haya kwa sababu niliwahi kuwachagulia wanachuo wangu kitabu kibaya, na nilikichagua kwa raha zangu zote, nikiwa na akili timamu.

Kilitoka dukani kwa Bi. Mwanaidi, karibu na stendi. Babu yake alikuja huku kutoka Kilwa na biashara ya nguo, wajukuu wakabaki, na yeye akaamua kuuza vitabu na madaftari. Mama wa heshima zake, lakini ulimi anao. Chuo kilikuwa kimenituma nichague kitabu kimoja cha malezi na makuzi ya mtoto, ambacho wanachuo wote wa mwaka wa kwanza wangekitumia. Akaniwekea viwili mezani. Kimoja chembamba, karatasi yenye rangi ya vumbi, michoro ya kalamu tu, kimeandikwa na mwalimu wa awali wa hapa hapa nchini. Cha pili, acha tu! Jalada linang'aa, picha za rangi kila ukurasa, watoto wanacheka, majedwali kila mahali. Kilikuwa kimetafsiriwa kutoka ng'ambo, na kwa Kiswahili kizuri kabisa. Nilikibeba mkononi nikausikia uzito wake, nikasema hiki ndicho.

Bi. Mwanaidi akavua miwani. "Mwalimu, mimi nauza vyote viwili, sipungukiwi kitu. Lakini hicho nimekipekua chote, na sijaona humo mtoto hata mmoja aliyevaa ndala."

"Bi. Mwanaidi, mimi nachagua kitabu, sichagui viatu."

"Haya mama," akasema, akaanza kufunga mzigo.

Nilitoka pale najiona mjanja. Niliwaambia wanachuo kwamba sasa wana kitabu cha kisasa, wakapiga makofi. Nikawaambia wakitunze maana hakuna chuo jirani chenye kitabu kama kile. Hilo lilikuwa kweli, na leo nashukuru Mungu kwamba lilikuwa kweli.

Dalili ya kwanza ilikuja na unga. Kile kitabu kilikuwa na sura ya michezo ya mikono, na sura hiyo ilisema mtoto afinyange donge la unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi, mafuta na rangi ya chakula. Wanachuo wangu wawili waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha pembeni mwa mji wakafuata kama walivyosoma. Ilikuwa mwezi wa pili. Nyinyi mliozaliwa bondeni humu mnaujua mwezi wa pili, mpunga bado uko shambani na ghala nyumbani limebaki na panya. Watoto wakafinyanga, wakafurahi, kila mmoja akapewa donge lake aende nalo nyumbani.

Kesho yake asubuhi bibi mmoja akafika darasani kwa mguu, ameshika nusu ya chapati kwenye kipande cha gazeti. Chapati ya bluu.

"Walimu," akasema, "unga mliompa mjukuu wangu nimeupokea, asanteni. Lakini nani kawafundisha kutia chumvi namna hii?"

Wanachuo wakamweleza kwamba ule haukuwa wa kula, ulikuwa wa kuchezea.  Yule bibi akauliza polepole, kila neno peke yake, kama kweli wao walikuwa wanachezea unga mwezi wa pili. Walipokuja kunisimulia nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikawaambia watumie udongo, udongo umejaa bonde zima, na watoto wa hapa wanafinyanga ng'ombe wa udongo kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Tukaliandika hilo kwa penseli pembeni mwa ukurasa, tukaendelea.

Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko dukani. Mzee aliyenifundisha kazi, Mwalimu Ponsiano, aliniambia nikiwa bado kijana kwamba kitabu kikikuangusha mahali pamoja, urudi ukisome chote upya kama mtu asiyekijua. Yeye alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, kimeshonwa kwa uzi wa gunia, na kila mwaka alikuwa akikisoma tena akibishana nacho kwa sauti. Tulikuwa tunamcheka. Mimi nilirekebisha ukurasa mmoja wa unga, kitabu chenyewe sikukihoji.

Sasa sikilizeni habari ya Rehema. Rehema alikuwa mwanachuo wangu, msichana makini, mwandiko kama umepigwa chapa. Mazoezi yake alifanyia kijiji cha Michenga, na alipomaliza chuo akarudi huko huko kujitolea darasa la awali. Siku moja ya mwezi wa tano alinikuta ofisini. Akanisalimia, nikamwambia akae, akakataa kukaa.

"Mkufunzi, kuna mtoto anaitwa Minza," akasema. "Nilimpima mwaka jana nikiwa mazoezini. Nilitumia lile jedwali la kitabu, la mtoto wa miaka sita. Nikaandika ripoti, wewe ukaisaini, chuo kikagonga muhuri."

Nilikumbuka ripoti, mtoto sikumkumbuka. Ripoti zilikuwa nyingi na yake ilikuwa nadhifu kuliko zote.

"Mwalimu mkuu aliisoma kwenye mkutano wa wazazi," akaendelea. "Alitaja wanaoingia darasa la kwanza, alipofika kwa Minza akasema huyu wataalamu wa chuo wameona akili yake imechelewa, abaki. Watu wakageuka kumtazama baba yake. Tangu siku hiyo baba yake kamtoa kabisa. Hata awali haji. Anasema kama hana akili basi atamsaidia kuamia ndege shambani, na baadaye ataolewa. Nimeenda kwake mara tatu, hanisikilizi."

Nikamuuliza kwa ukali, maana mimi nikibanwa huwa nakuwa mkali, ni vitu gani Minza alishindwa. Akavitaja vyote kwa kichwa. Hakuweza kupanda ngazi za nyumba kwa kupokezanisha miguu. Hakuweza kutaja friji, zulia wala tufaa kwenye picha. Hakujua baiskeli ya magurudumu matatu. Na kile ambacho kitabu kilikiita dalili kubwa kuliko zote, hakumtazama mtu mzima machoni alipoulizwa swali.

"Rehema, wewe mwenyewe huoni kwamba Michenga hakuna nyumba yenye ngazi?"

Akasema, kwa sauti ndogo, "Mkufunzi, niliandika ulichonifundisha."

Nilitaka kumfokea. Nikamtazama, na nikaona alikuwa ameinamisha macho sakafuni tangu aingie. Mikono mbele, macho chini, kama binti yeyote aliyelelewa vizuri anavyosimama mbele ya mtu wa umri wa mama yake. Miaka yote ya kazi, hakuna mwanachuo mwenye adabu aliyewahi kunikazia macho nikimuuliza jambo, na kama angetokea ningemtoa nje. Kwa jedwali la kitabu changu, Rehema mwenyewe angefeli. Mimi mbele ya mama mkwe wangu ningefeli vibaya sana. Niliona aibu, nasema wazi. 

Kesho yake tulipanda bodaboda mimi na yeye mpaka Michenga, na pale maji yalipokuwa yamekata njia tukashuka, tukavua viatu, tukatembea. Mwezi wa tano ndio mpunga unatoa masuke na ndege kwelea wanashuka kwa maelfu, kwa hiyo nusu ya kijiji huwa imehamia mashambani. Kila shamba lina dungu, kile kichanja kirefu cha miti ambacho mtu anakaa juu yake kuwafukuza ndege. Ndiko tulikomkuta Minza na baba yake.

Baba Minza alinisalimia vizuri sana, shikamoo mwalimu, akaniletea kigoda, akaniuliza habari za safari na habari za nyumbani. Ile adabu ndiyo iliyonijulisha jinsi alivyokasirika. Mtoto akashuka kutoka juu ya dungu kwa ile ngazi ya miti, kombeo mkono mmoja, mguu huu, mguu ule, wala hakushika kitu. Akapiga magoti, akaniamkia, macho kwenye vidole vyangu vya miguu. Baba yake akamwambia arudi kazini, akapanda tena.

Sikumpima. Niliketi nikamwangalia tu, muda wa kama kuivisha maharage. Juu pale alikuwa na kamba saba zimetoka kwenye dungu kwenda pande zote za shamba, kila moja ina makopo mwishoni. Ndege wakitua kona ya mbali anavuta kamba ya kona ile, hakosei hata mara moja, na mimi mtu mzima nilishindwa kujua ipi inakwenda wapi. Kwenye ubao alikuwa ameanika vidonge vya udongo vya kombeo, safu nne za vitano vitano. Nikamuuliza kwa sauti, kutoka chini, amebakiwa na vingapi. Akajibu bila kugeuka, "Kumi na tisa. Kimoja kimepasuka." Rehema akaanza kulia.

Nikamwambia baba yake, "Baba Minza, huyu mtoto hana tatizo lolote. Ni mwerevu. Tulimpima vibaya."

"Ndiyo, mwalimu. Mimi najua mwanangu ni mwerevu. Ninalala naye nyumba moja."

"Basi mrudishe shule."

Akatikisa kichwa. "Mimi sikusoma, lakini najua karatasi yenye muhuri haifutwi kwa mdomo. Ile ilisomwa mbele ya watu. Watoto wenzake wanamwita jina ambalo sitalitaja hapa. Leo wewe umekuja shambani kwangu, hakuna aliyekusikia isipokuwa ndege. Nikimrudisha, nani atasema alikuwa mzima?"

Nikamuuliza anataka nini.

"Karatasi kama ile. Muhuri kama ule. Uisome mwenyewe, pale pale, mbele ya wale wale. Useme nani alikosea."

Sitawadanganya. Nilipokuwa narudi kupitia yale maji nilikuwa natafuta maneno ya kuikwepa. Nilifikiria kuandika kwamba "kulikuwa na upungufu katika zana za upimaji," yale maneno ya ofisini yasiyo na mwenyewe. Nilifikiria hata kumtuma Rehema asome. Mkuu wa chuo, nilipomweleza, alinipa ushauri huo huo, kwamba tusiharibu jina la chuo, tuandike barua ya siri kwa mwalimu mkuu tu. Nikamwambia ripoti haikuwa ya siri. Akasema niandike, muhuri atagonga, lakini mkutanoni nitakuwa peke yangu.

Kabla ya siku ya mkutano tulikichagua kitabu kingine, na hapa nataka mnisikilize vizuri maana ndicho mlichonijia. Nilirudi kwa Bi. Mwanaidi, nikamwomba vyote alivyonavyo vya utangulizi. Hakunikumbusha ndala, namheshimu mpaka leo kwa hilo. Nilikaa kwenye kiti chake tangu asubuhi, na kila kitabu nilifungua kwanza sura ya upimaji. Mtu anaweza kuandika maneno matamu kuhusu mchezo na upendo, lakini akifika kwenye kumpima mtoto ndipo utajua anamwonaje. Nilitafuta kitabu kinachosema mwangalie mtoto siku nyingi akifanya shughuli zake, ongea na mama yake, halafu ndipo uandike, na ukiandika uandike anachoweza. Kitabu kinachoanza na alama za kufeli nilikifunga hapo hapo. Halafu nikatazama vifaa. Kama mchezo wa kila ukurasa unadai kitu cha kununua, mwandishi hajawahi kukaa na watoto hamsini wenye mkeka mmoja. Nikatazama kama mzazi anaonekana humo ndani au anatajwa mara moja tu mwishoni, kwenye shukrani. Nikatafuta mahali ambapo mwandishi anakiri kwamba jambo fulani hutofautiana mahali na mahali. Asiyekiri popote, mwogopeni. Msikitupe kitabu kwa sababu tu kimetoka ng'ambo, vipo vinavyosema wazi kwamba mizani yao imetengenezwa kwa watoto wa kwao. Changu hakikusema, nami sikuuliza.

Na jambo la mwisho, nilimpa Rehema ukurasa mmoja amsomee kwa sauti msaidizi wa Bi. Mwanaidi, mama aliyelea watoto sita na hajawahi kukanyaga chuo. Alipofika katikati yule mama akadakia, "Hee, si hivyo tu, na wengine hunyamaza kwanza!" Ukisoma kitabu kikamfanya mama mtu aongezee ya kwake, kitabu hicho kina watoto wa kweli ndani. Ndicho tulichokichukua. Kilikuwa kile chembamba cha karatasi yenye rangi ya vumbi. Gundi yake ni mbovu, masika hii kurasa zitakutoka, kishoneni mapema.

Siku ya mkutano wazazi walikuja wengi kuliko kawaida, habari zilikuwa zimetangulia. Mwalimu mkuu alinikaribisha kwa mkato. Baba Minza alikaa mstari wa mbele, shati limepigwa pasi, mtoto pembeni yake na madaftari mapya kwenye mfuko wa plastiki. Nikasimama na karatasi yangu. 

Nikasoma. Kwamba mimi Akwilina, mkufunzi, nilichagua kitabu bila kukichunguza. Kwamba kitabu hicho kiliwapima watoto kwa vitu ambavyo hawajawahi kuviona, na kikaihesabu adabu yao kuwa ugonjwa. Kwamba mwanachuo wangu hakukosea, alifuata nilichomfundisha. Kwamba Minza hakuwa na tatizo lolote mwaka jana na hana tatizo leo, na nafasi yake darasa la kwanza ni haki yake. Nikaigeuza karatasi wauone muhuri.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu aliipokea karatasi, akaisoma tena kimyakimya, akaiweka kwenye faili. Akasema, "Minza, darasa ni lile la mwisho. Nenda." Mtoto akamtazama baba yake. Baba akaitikia kwa kichwa, naye akaondoka mbiombio, mfuko wa madaftari unamgonga magotini, mpaka akaingia mlangoni.

Nikapumua. Nilijua nimemaliza, nikaanza kukunja miwani yangu. Ndipo mama mmoja akasimama huko nyuma, kitenge kimefungwa mgongoni na mtoto mchanga ndani.

"Mkufunzi, samahani," akasema. "Wa kwangu naye alipimwa na kitabu hicho. Mwaka juzi. Yuko nyumbani."

Kabla hajakaa akasimama mwingine. Halafu baba mmoja karibu na dirisha akanyanyua mkono, na mikono mingine ikafuata. Nilikuwa nimekitumia kitabu kile miaka minne, katika kila kijiji nilichowahi kumpeleka mwanachuo.

Nikavaa tena miwani, nikamwomba Rehema kalamu, nikamwambia yule mama wa kwanza aje mbele. "Mwanao anaitwa nani?" nikamuuliza.